Supu ya Trauti

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni mwaka 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ulikuwa umekilalia kitongoji cha Kwefungo, juu kidogo ya Lukozi, kiasi kwamba mtu aliyesimama kizingitini hakuweza kuiona migomba ya jirani yake. Baridi ya Juni ilikuwa imekaza. Maji ya ndoo yaliuma vidole, na moshi wa majiko haukupanda juu bali ulitambaa kwenye mapaa ukitafuta pa kutokea.

Sabra Hamza, msichana wa darasa la sita, alikuwa amekwisha kufagia uwanja na kuteka maji. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini katika nyumba ya baba yake neno likizo halikuwa na maana ya kupumzika. Lilikuwa na maana ya kuhama kutoka kwenye dawati kwenda shambani. Mzee Hamza alilima karoti, kabichi na nyanya kwenye matuta yaliyoupanda mlima kama ngazi, na asubuhi ile alikuwa ameshuka Lukozi alfajiri kuwahi malori ya mboga.

Chumbani, shangazi yake Rahma alilala ubavu akiutazama ukuta. Alikuwa ametoka kwa mumewe huko Mgwashi ili ajifungulie kwa mama yake, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza. Mtoto alizaliwa salama, ila mama alipoteza damu nyingi, na tangu aliporuhusiwa kutoka kituo cha afya hakuwa na hamu ya chakula. Uji ulipoa kikombeni. Ndizi zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Maziwa ya kumnyonyesha mtoto yakawa haba, na mtoto akawa analia kilio chembamba kisichokatika, kilichopenya katika kila pembe ya nyumba.

"Huyu angepata supu ya samaki wa mtoni, angesimama," alisema Bibi Mwanahamisi, mama yake Rahma, akisukuma kuni chini ya chungu. "Nilipomzaa baba yako nilikuwa hivyo hivyo, sina damu, sina nguvu. Babu yako akachukua majani ya utupa, akaenda mtoni."

"Utupa huu wa kufukuzia fuko, Bibi?"

"Ndiyo huo. Unatwanga majani, unayasuuza mahali maji yalipotulia. Samaki wanalewa, wanapanda juu, unaokota. Wale usiowaokota, maji yakishapita wanazinduka na kwenda zao. Tulikula, na hakuna aliyeumwa hata tumbo."

"Sasa mbona hamvui tena?"

"Serikali imekataza, na ina haki. Watu hawakuwa na kiasi, mito ikabaki mitupu." Bibi akaupuliza moto. "Haya, usinichoshe kwa maswali. Niletee chumvi."

Sikio la mtoto huchagua. Sabra aliyasikia maneno yote ya bibi yake, lakini aliyokwenda nayo kuteka maji mara ya pili yalikuwa machache tu: samaki hulewa, huokotwa, na mzazi husimama.

Samaki alijua waliko. Mahali msitu unapoanza, juu ya kitongoji, Mzee Fanueli alikuwa amekizuia kijito kwa ukuta wa mawe akapata bwawa refu, jeusi kwa kina, na humo alifuga trauti aliowauzia wenye nyumba za wageni mjini Lushoto. Trauti si mwenyeji wa milima hii. Wazungu walimleta zamani kwa ajili ya mchezo wa kuvua, naye akapenda vijito vya baridi viendavyo kasi. Ni samaki mzuri wa kutazama, ana madoa ubavuni kama kanga mwitu, lakini ni mwindaji asiye na huruma. Kinywa chake kimepasuka hadi nyuma ya jicho. Ana meno mpaka juu ya ulimi. Hula wadudu, kaa na vyura, na akikosa hivyo hula watoto wa trauti wenzake.

Watoto wa Kwefungo waliliogopa bwawa lile. Sabra mwenyewe aliwahi kumwona chura akiogelea katikati yake, miguu ikijikunja na kujikunjua kwa starehe. Mara maji yakafunguka, yakajifunga, na juu hapakubaki chochote ila duara lililokuwa likipanuka. Kwa muda mrefu baada ya siku ile hakuthubutu kutia hata kidole ndani.

Na kama samaki walitisha, mwenyewe alitisha zaidi. Mzee Fanueli alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, mkavu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Ilijulikana kwamba aliwahi kumkamata mpwa wake wa damu na samaki wawili mfukoni, akamshika mkono hadi kwa mtendaji wa kijiji bila kupandisha sauti.

Kwenye bomba la maji Sabra alimkuta Jafari, mtoto wa mama yake mkubwa, mvulana aliyempita mwaka mmoja kwa umri na miaka kumi kwa maneno. Akamweleza habari ya supu.

"Mzee Fanueli leo hayupo," Jafari alisema papo hapo. "Amekwenda Mlalo mazikoni. Nimemwona na suti yake ya mwaka arobaini na saba."

"Na utupa je? Baba ameukata wote wa ukingoni mwa shamba, umebaki visiki."

"Hata ungekuwepo, nani angeutwanga? Wewe, na hivyo vidole vya kushikia kalamu? Mpaka utoe povu, mzee amekwisha kuzika, amekula ubwabwa wa msiba, amerudi." Jafari akashusha sauti. "Sikiliza. Utupa unafukuza fuko. Dawa ya nyanya ya baba yako inafukuza funza. Utupa unalewesha, dawa inalewesha. Tofauti yake ni kwamba mmoja unatwangwa, na nyingine iko tayari kwenye chupa."

"Ile chupa ina picha ya fuvu."

"Fuvu la funza."

"Funza hana fuvu, Jafari."

"Basi ni la mtoto mwoga. Mtazame kwa makini, amefanana na wewe."

Sabra alicheka bila kutaka. Alijua vema kwamba dawa za shambani zilifungiwa katika kisanduku cha mbao, na kwamba ufunguo ulining'inia msumarini nyuma ya kalenda. Baba yake hakuwa mtu wa kurudia maneno, lakini hili alilirudia: dawa haiguswi na mtoto, na nyanya iliyopuliziwa hailiwi mpaka muda wake upite. "Nyanya ya jana," alizoea kusema, "ni sumu iliyovaa nguo nzuri." Yote hayo Sabra aliyajua. Lakini aliporudi nyumbani na ndoo kichwani, mtoto alikuwa bado analia, na shangazi yake alikuwa ameufunika uso kwa kanga. Bibi alikuwa bondeni akichuma mchicha. Sabra akanyoosha mkono nyuma ya kalenda.

Yeye na Jafari walifika bwawani ukungu ukiwa bado haujainuka. Miti ilidondosha matone kana kwamba mvua ilisahaulika juu yake. Sabra alifungua chupa. Harufu ikampanda puani, kali, yenye uchachu, ikamliza machozi.

"Mimina, usiinuse kama chai," Jafari alisema, akisimama mbali kidogo ukingoni.

Akamimina. Dawa iliingia majini ikageuka nyeupe kama maziwa, ikajinyoosha polepole kuelekea kwenye kina. Kwa kitambo hapakutokea kitu. Jafari akaanza kusema kwamba labda imeharibika, lakini hakumaliza, kwa kuwa maji yote ya bwawa yalitikisika kwa pamoja.

Trauti walipanda. Hawakupanda kama walevi, kama Bibi alivyosimulia, bali kama viumbe vilivyowashiwa moto ndani ya matumbo yao. Walizunguka bila kuona njia, wakajipigiza kwenye mawe, wakaruka na kuanguka ubavu. Mmoja mkubwa, mrefu kama mkono wa mtu mzima, alijirusha mpaka kwenye maji haba karibu na miguu ya Sabra. Kinywa kilifunguka na kujifunga. Meno madogo yalionekana, na mwili wake ukajipinda kama upinde na kubaki hivyo, ukitetemeka. Nyuma yake vyura walielea, matumbo meupe juu. Kaa wa mtoni alitambaa nje ya maji, akapanda jiwe, akafa juu ya jiwe.

Bibi hakusema habari za kaa.

"Okota twende," alisema Jafari. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Njoo tuokote wote."

"Nimevaa suruali ya sikukuu."

Sabra aliingia majini hadi magotini. Aliokota samaki wanne kwa mikono mitupu, huku moyo ukimpiga kwa kumwogopa yule mkubwa, ingawa yule mkubwa hakuwa na uwezo tena wa kumwogofya mtu. Mmoja mdogo, aliyekuwa bado anachezesha mapezi, alimtia kwenye ndoo ya maji safi ya chemchemi. Alitaka kumwona akizinduka.

Njiani Jafari alimsimamisha. "Tunasema Mzee Fanueli alitupatia kabla ya kuondoka. Apa."

"Wallahi," alisema Sabra. Neno lile lilimtoka kavu.

Bibi Mwanahamisi aliwapokea wale samaki kwa mikono miwili. Alimwombea Mzee Fanueli baraka, akamtaja yeye na ukoo wake, akaahidi kumpelekea mkungu wa ndizi Jumatatu. Kila baraka ilimwangukia Sabra kama jiwe. Jafari hakungoja ziishe. Alisema mama yake anamwita, akatoweka.

Basi chungu kikatengwa motoni. Tangawizi ikatwangwa, nyanya za muda wake zikakatwa, na muda si muda nyumba ikajaa harufu njema ambayo haikuwa imenusika humo kwa siku nyingi. Sabra aliketi kando ya ndoo. Yule trauti mdogo hakuzinduka. Maji yalikuwa safi, baridi, mapya, naye alilala chini amejipinda kama mwenzake, mshipa mmoja mdogo ukicheza karibu na mkia. Kisha nao ukaacha.

Alipomtazama ndipo hofu ilipomwingia kwa hakika. Kama ni ulevi, mbona hautoki? Alitazama mikono yake. Kidole cha shahada kilikuwa kikicheza chenyewe, bila kuamrishwa. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni katika baridi ile ya Juni, na mate yalimjaa kinywani hata akawa anatema kila mara. Miguu, kuanzia magoti kushuka, ilikuwa kama si yake.

Alijiambia ni woga tu. Mtu anayeficha jambo hupata ujuzi mkubwa wa kujidanganya.

Bibi alichota supu kwa upawa, akaipuliza, akakinga mkono mwingine ili adondoshee tone aonje chumvi.

"Bibi," Sabra alisema. "Usionje."

"Kwa nini?"

Hapo maneno yote yalikuwa yamesimama mdomoni, tayari. Lakini alimfikiria baba yake na kile kisanduku, akamfikiria Mzee Fanueli na mkono wake usioachia, na katika maneno yale akachagua yaliyokuwa mepesi.

"Mzee Fanueli hakutupatia. Tumewaiba."

Upawa ulirudi chunguni. Bibi akasema kwa Kishambaa maneno ambayo hakuwahi kumwambia tangu azaliwe, na yasiyofaa kuandikwa hapa. Alipomaliza alirudi kwenye Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Baraka zote zile umeniacha nizimwage. Haya. Kwa Fanueli nitakwenda mimi mwenyewe, na wewe utakuwa mbele yangu. Baba yako atajua leo. Lakini samaki wamekwisha kufa, na mzazi hawezi kushinda njaa kwa sababu ya mikono yako mirefu."

Akajaza bakuli, akalibeba kwenda chumbani.

Sabra hakutegemea hivyo. Alidhani akisema kuhusu wizi, supu itamwagwa na lile jingine litazikwa pamoja nayo. Sasa alisimama mlangoni akiushikilia ubao, kwa kuwa magoti yalikuwa yakimsaliti, akaona jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa imeliombea. Shangazi Rahma aliinuka. Aliketi, akaegemea ukuta, akamlaza mtoto mapajani, akaivuta ile harufu.

"Mama, inanukia," alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu azae. "Leo nitakula."

Akalipokea bakuli. Akalipuliza. Mdomo wake ukagusa ukingo.

"Shangazi, usinywe." Sauti ya Sabra ilitoka nzito, kwa kuwa hata ulimi ulikuwa umeanza kumlemea. "Hatukuvua kwa utupa. Nimetia dawa ya nyanya ya baba, chupa nzima. Vyura wamekufa. Kaa wamekufa. Na mimi naumwa."

Rahma alilishusha bakuli sakafuni kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba lingeweza kumrukia mtoto, akaufuta mdomo wake kwa nguvu mpaka ukawa mwekundu. Bibi alisema, "La ilaha illallah," mara moja, kisha akamgeukia mjukuu wake, na alipomwona usoni hasira yote ilimtoka.

Rahma ndiye aliyeshika simu. Mzee Hamza alikuwa njiani anarudi, nyuma ya pikipiki ya kijana mmoja aitwaye Issa, naye alifika akamkuta Bibi ameshika kikombe cha maziwa mbele ya kinywa cha Sabra.

"Usimpe kitu, mama. Mvueni hizo nguo zote. Leteni sabuni na maji mengi." Akamshika binti yake mabega. "Ulikunywa?"

"Hapana, baba. Niliingia majini. Nilishika samaki."

"Chupa iko wapi?"

"Chini ya mgomba wa tatu."

Walimwosha Sabra kwa sabuni kutoka nywele hadi kucha, maji ya baridi yakimkata pumzi, wakamvika nguo za Rahma. Bibi naye alijisugua mikono mpaka viwiko, kisha akaenda kumwaga supu yote shimoni na kuifukia pamoja na chungu chenyewe. Wakati huo Mzee Hamza alikuwa akizungumza na mwenyekiti wa kitongoji kwa simu, kwa kuwa kijito kile hakikuishia bwawani. Kilishuka, na chini yake watu walichota, walinywesha ng'ombe na kufulia nepi.

Pikipiki ilipoanza kuteremka, Sabra akiwa katikati ya Issa na baba yake, kipaza sauti cha msikiti kiliwaka. Haukuwa wakati wa adhana. Sauti ilitangaza kwamba maji ya kijito yametiwa sumu, mtu yeyote asichote, asinywe, asinyweshe mnyama. Mara kengele ya kanisa ng'ambo ya bonde nayo ikagongwa, haraka haraka, kama inavyogongwa nyumba ikiungua. Katika ukungu Sabra aliona wanawake wakimwaga ndoo, na mama mmoja akikimbia kuelekea kijitoni huku akiita majina ya watoto wake. Jina la aliyetia sumu halikutajwa. Hata hivyo aliona kengele inamtaja.

"Baba, nitakufa?"

"Sijui," alisema Mzee Hamza. Hakuwa na desturi ya kumdanganya mtoto. "Nishike."

Kwenye kituo cha afya muuguzi, mama mnene aliyeitwa Beatha, aliichukua chupa, akasoma kibandiko, akamtazama Sabra mboni za macho. Zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Akaita daktari. Sindano ya kwanza ilichomwa, na baada ya kitambo nyingine. Sabra alilala akitazama dari, misuli ya mapaja ikirukaruka chini ya ngozi kama samaki, na kila alipofumba macho alimwona yule mkubwa amejipinda kwenye maji haba. Alihisi kwamba akisahau kuvuta pumzi, pumzi haitajivuta yenyewe.

"Sumu hii hupita kwenye ngozi," Beatha alimwambia Mzee Hamza. "Mmefanya vema kumwosha na kuja na chupa. Wengine hunywesha mgonjwa maziwa, wakaona wamemaliza kazi, hapa tunaletewa maiti." Akamgeukia Sabra. "Na wewe, ungenyamaza saa moja zaidi, ningekuwa na vitanda vitatu hapa. Kimoja kidogo sana."

Alasiri jasho lilikauka. Kufikia magharibi mikono ilikuwa imetulia, akaweza kumeza mate yake kama watu wengine. Jafari naye aliletwa, amekutwa amejificha kwenye dari ya jiko la mama yake katikati ya mahindi. Akapimwa, akaonekana hana neno ila masizi.

Kesho yake, ibada ilipokwisha, Mzee Fanueli alikuja. Alisimama uwanjani kwa Hamza na suti ileile ya mazikoni, hakukubali kiti. Bwawa lake alikwisha kuliona. Hapakuwa na samaki hata mmoja.

Sabra, aliyeruhusiwa asubuhi ile, alitoka ndani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alijibu.

"Mzee Fanueli," alianza Mzee Hamza, "dawa ilikuwa yangu na mtoto ni wangu. Taja thamani ya samaki wako, nitalipa."

"Hamza, nakuheshimu. Lakini hukuiba wewe." Akamtazama Sabra. "Nani alifungua kisanduku?"

"Mimi."

"Nani alimimina?"

"Mimi, Mzee."

"Nasikia kulikuwa na mwingine, mwenye ulimi."

"Jafari alinishauri. Mkono ulikuwa wangu."

Mzee Fanueli aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa akikidai. "Basi sikilizeni. Fedha ya Hamza siitaki. Bwana shamba ameniambia maji yaachwe kwanza yapite mpaka sumu iishe, na mtoto asiyaguse kabla yeye hajayapima. Atakaporuhusu, wewe na huyo mwenye ulimi mtavaa mabuti na glovu, mtasugua kila jiwe la bwawa lile. Mtafanya kazi kila Jumamosi mpaka vyura warudi wenyewe. Msiwalete kwa kopo; nitajua. Pale ambapo chura hawezi kuishi, trauti hawezi, na mtoto wa Rahma hawezi."

Wakafanya kazi. Mvua za vuli ziliwakuta wakifanya kazi. Kila mara Sabra alipolitia buti majini, hofu ya asubuhi ile ilimpanda magotini, naye hakumwambia mtu, alisugua. Mzee Fanueli aliketi juu ya ukuta na fimbo yake, hakucheka, hakukemea, hakuwapa hata tunda. Shangazi Rahma alipata nguvu kwa mchicha, maini na vidonge vya damu alivyopewa kituoni, akarudi Mgwashi na mtoto mwenye mashavu. Bado hawakusikia chura.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, Jafari alikuwa akilalamika kuhusu mgongo wake, jambo ambalo alilifanya kwa bidii kuliko kusugua, mara Sabra akamwinulia mkono anyamaze. Kwenye majani ya ukingoni kulikuwa na sauti. Ikakoma. Ikaanza tena, na upande wa pili ikajibiwa.

Mzee Fanueli alishuka ukutani. Aliwaita wakae mbele yake.

"Kutojua ni jambo la kusamehewa," alisema. "Mlidhani dawa ni utupa; mtu mzima pia angeweza kukosea hivyo, na wapo waliokosea wakazikwa. Wizi nao mmeulipia kwa jasho. Lakini Sabra, bibi yako ameniambia yaliyotokea jikoni. Ulisema wizi, ukaficha sumu, ukatumaini kwamba kidogo kitatosha. Hapo ndipo palipokuwa na jeneza. Ukweli nusu haumwokoi mtu nusu. Siku nyingine woga ukikushika, na utakushika maana hata mimi hunishika, sema kwanza lile unaloliogopa zaidi. Mengine yatajisema."

"Nimesikia, Mzee."

"Wiki ijayo naleta vifaranga vya trauti. Bwawa ni safi." Akaigonga ardhi kwa fimbo. "Sabra, deni lako limekwisha. Nenda nyumbani."

Jafari akainuka naye kwa furaha. "Na mimi, Mzee?"

Mzee Fanueli aliyatazama mawe ya upande wa Jafari, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Wewe bado," alisema, akampa brashi.